Nimelipa 40,000 ya masaji hapa Mbeya, nimetoka shingo haigeuki

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Naendesha semi, Dar–Tunduma, mwaka wa 11 huu. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 900, bado foleni ya mpakani. Mliopanda Kitonga na mzigo mnajua usukani unavyokamua mabega. Mimi kuanzia mabegani mpaka kisogoni pamekuwa ubao. Dawa za maumivu nimemeza mpaka tumbo limekataa. Utingo wangu ndiye aliyenishauri: bro, wewe nenda kachuliwe ile ya ndani, wanaiita dipu tishu.

Siwataji. Wenyewe watajijua.

Sikuulizwa kitu. Kama nina presha, kama nimewahi kuvunjika, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, hakuna. Hata panauma wapi sikuulizwa! Nimelala tu, nikamwagiwa mafuta ya baridi (mwezi wa saba, Mbeya, jamani), kiwiko hicho kikazama. Nikapiga kelele. "Vumilia kaka, sumu ndiyo zinatoka hizo." Sumu gani? Akapita juu ya uti wa mgongo, mfupa mtupu, kama anasaga karanga. Akashuka kwenye vigimbi. Na hapo mguu wa kulia ulikuwa umevimba tangu Makambako, anauona, anaminya tu.

Asubuhi mabega yamevilia damu, vidole vya mkono wa kushoto vina ganzi. Nikaenda hospitali, nikapelekwa kwa mtu wa fiziotherapia. Alipoona mgongo wangu akaguna.

Akaniambia kuchua kwa kina siyo kutumia mabavu. Unaanza juu juu mpaka msuli upate joto, ndipo unazama polepole ukifuata nyama, mfupa unauacha. Unamuuliza mtu maumivu ni ngapi kati ya 1 na 10, yakizidi unapunguza, kwa sababu mtu akishabana pumzi msuli nao unajikaza kujilinda, unabaki unapigana nao. Kuuma siku moja mbili ni kawaida. Ganzi siyo kawaida. Mbele ya shingo na nyuma ya goti kuna mishipa mikubwa, pale kiwiko hakiendi kabisa.

Kilichonimaliza ni la mguu. Sisi tunaokaa kwenye kiti kutwa damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, haukandwi mpaka upimwe, maana bonge likichomoka linakimbilia mapafuni na unaweza kufa. Nilipimwa. Hamna kitu, namshukuru Mungu, ila yule jamaa hakujua hilo alipokuwa ananiminya!

Nimewapigia wanirudishie hela. Dada wa mapokezi ananijibu eti ulijikaza bosi, njoo mara tatu mwili utazoea, tutakupunguzia bei. Nikakata simu nisije nikatukana.

Bibi yangu kule Tukuyu hakuwa na bango wala cheti, lakini alikuwa anapasha mikono motoni kwanza, halafu anauliza, "Mwanangu, ni hapa?"

Sasa wa Mbeya na Iringa, nani anamjua mchuaji aliyesomea kweli, anayeuliza kabla hajagusa? Kabla ya Alhamisi tafadhali, napakia tena.