Njia za mbao juu ya kinamasi: mlima Slieve Carr nao uwekewe?

Wapanda milima wa Ireland hawaishi kubishania hili: milima yenye kinamasi itandazwe mbao za kupitia, au mtu akubali kulowa?

Wanaotaka mbao wana hoja nzito. Kinamasi cha kule ni tabaka la mimea iliyolala majini bila kuoza sawasawa, na huongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka. Mmoja akikwepa tope anakanyaga pembeni, anayemfuata anakwepa alama za huyo, na kijia cha futi moja kinageuka barabara nyeusi. Mvua inamalizia kazi.

Lakini tazameni mlima Cuilcagh, mpakani mwa kaunti za Fermanagh na Cavan. Mwaka 2015 ilifunguliwa njia ya mbao yenye ngazi, nia ikiwa kulinda kinamasi. Picha za ngazi zile zikasambaa mitandaoni, na mlima uliokuwa ukipandwa na watu elfu chache kwa mwaka ukapokea makumi ya maelfu. Penye mbao kinamasi kilipata nafuu, sikatai. Ila mbao zinaishia kwenye jukwaa, chini ya kilele, na wengi hawakubali kugeuzia hapo. Wanashuka na raba zao nyeupe, wanaendelea kukanyaga.

Sasa lipeleke wazo hilo Slieve Carr, kule kaunti ya Mayo: mita 721, ndani ya hifadhi ya Wild Nephin, mlima ambao wengi huutaja kuwa wa mbali kuliko yote Ireland. Kuufikia tu ni saa kadhaa za mwendo, buti linazama hadi kifundoni na kuchomoka kwa mlio wa kufyonza. Juu kuna rundo kubwa la mawe, kaburi la kale. Umbali ndio mlinzi wake, na hadai mshahara.

Mtaniambia huo ni ubinafsi wa wenye magoti mazima. Wazee na wenye ulemavu wana haki ya kuona kinamasi, kweli. Ndiyo maana naunga mkono njia fupi ya mbao pale Claggan, pwani, katika hifadhi hiyohiyo.

Mwingine atataja milima ya Rwenzori, Uganda, ambako kinamasi cha Bigo kimewekewa mbao. Kule hupandi bila mwongozaji wala kiingilio, kwa hiyo idadi inajulikana. Mayo hakuna geti.

Basi anayetaka mbao Slieve Carr anijibu: picha zikishasambaa, nani atawazuia watu, na atasimama wapi?