Mrejesho: kifo cha mdogo wangu kituoni, Dodoma

Wakuu, habari zenu. Niliuliza tufanye nini baada ya mdogo wangu, mwenye ulemavu wa akili na kifafa, kufia kituo cha malezi hapa Dodoma, huku uongozi ukituhimiza tuzike upesi kwa kuwa "ni kifafa tu". Asanteni sana, mlitusimamia kama ndugu.

Tulifuata ushauri wa kutozika kwanza. Wazee walinuna, lakini tulifungua RB (taarifa ya tukio polisi) na kuomba mwili upasuliwe. Daktari akakuta maji kwenye mapafu: alianguka bafuni, na hakukuwa na mtu karibu.

Ofisa ustawi wa jamii ndiye aliyetusaidia kuliona daftari la dawa. Lina alama za vema za kupewa dawa hadi siku ambazo mdogo wangu alikuwa tayari mochwari! Nililipiga picha palepale, na sasa nakala ipo polisi. Mwenye kesi kama hii aanze na daftari, kabla halijaandikwa upya.

Uchunguzi mbele ya hakimu, ule wa Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, haujafunguliwa. Jalada bado liko kwa mpelelezi, na kila tukienda tunaambiwa tusubiri. Kituo kimeweka mhudumu wa usiku, ila hakijakiri lolote. Inaniuma mno.

Malalamiko tumeyapeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yamepokelewa. Mdogo wangu tumemzika Kondoa, kando ya mama.