Eti "kuku hasikii joto, ana manyoya"!!! Wafugaji wa Chanika njooni humu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule mchanja kuku wa pikipiki na kibegi cha barafu kisicho na barafu. Simtaji, mtanishitakia.

Wiki tatu nyuma alikuja kunichanjia mdondo saa nane mchana. Saa nane! Februari! Bati la banda unakaangia yai likaiva na ukoko. Layers wangu 300, kuku wa mayai, midomo wazi, mabawa wameyaachia, wanatweta kama wamekimbizwa na mwizi. Nikamwambia kaka, tusubiri jua lizame. Akasema ana wateja.

Leo kuku wanapinda shingo, kinyesi kijani, dalili zilezile za mdondo, nazika tu. Nimemwita. Kakaa chini ya mwembe wangu, kachukua kadi YANGU ya chanjo, anajipepea nayo, kisha ananiambia: "Mama, kuku hasikii joto, ana manyoya."

Anajipepea! Na kadi yangu! Yeye asiye na unyoya hata kichwani, jasho limefika kwenye soksi, kanywa maji yangu ya baridi glasi mbili. Kuku hasikii joto!

Halafu kadai nauli.

Jogoo la Shamba: Pole mama. Ila glasi ya pili nani alimmiminia? 😂

Dokta wa Mabanda: Kuku hana tezi za jasho, ndiyo maana anahema. Mwili wake wenyewe uko kwenye nyuzi 41 hivi, hayo manyoya ni blanketi. Joto likizidi anamwaga kotikosteroni, homoni ya msongo. Limfosaiti, chembe za kinga kwenye damu, zinapungua, bandama inasinyaa, na basa pia, kile kifuko cha jirani na tundu la haja kinachokomaza askari wa kutengeneza kingamwili. Hapo chanjo ni mwalimu kaingia darasani wanafunzi wako kisimani. Chanja alfajiri au jioni.

Mama wa uzi: Mwambieni na huyo wa KADI! Ikipepea hivi, hivi, kwenye uso wangu!

Bati Tupu: Mama, hilo banda lako nimelipita juzi. Bati chini chini, hakuna dari, hata makuti juu hujaweka, kuku 300 wamebanana kama daladala ya Mbagala. Hapo hata wewe ungepinda shingo.

Mama wa uzi: Wewe ndiye yeye? Umebadilisha jina?

Pumba Tele: Joto ni neema ya Mungu. Mimi juzi nimefungua mfuko wa pumba, nusu mchanga. Kuku wanataga matofali.

Jirani Mwema: Bora mchanga. Nimeuziwa vifaranga mia, naapiwa wote mitetea. Wamekua, tisini majogoo. Saa kumi alfajiri wanaanza kwa zamu, mtaa mzima hausemi na mimi.

Jogoo la Shamba: Tisini?? Unaachia shilingi ngapi mmoja?

Mama wa uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kadi.

Jirani Mwema: Elfu kumi na tano, ukichukua watano nakupunguzia.

Dokta wa Mabanda: Niwekee watatu, wasiowika sana.

Jirani Mwema: Mkuu, hao sina.