Wageni watatu wa Kiyahudi, Pasaka moja, na sufuria ya wali

Mama Mpangishaji, Upanga

Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye elimu. Ninapangisha vyumba vya chini vya nyumba yetu hapa Upanga, na mwezi wa nne niliwapokea Wayahudi watatu waliokuwa katika siku zao za Pasaka. Wote waliacha mkate, jambo nililolitarajia, kwa kuwa hata sisi tunaosoma kitabu cha Kutoka tunaijua habari ya mikate isiyotiwa chachu. Lakini mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Baghdad, alichambua mchele kwenye ungo mara tatu, kisha akaupika katika sufuria mpya aliyoinunua Kariakoo. Wa pili, ambaye babu yake alizaliwa Poland, aliukataa wali ule pamoja na maharage, akala viazi na mayai siku zote. Wa tatu, mwanamke, alikula chochote nilichopika ilimradi hakina ngano, tena akasimulia kuwa rabi wake huko Marekani ni mama wa watoto wawili. Yule wa pili alitabasamu tu, hakujibu neno. Je, hawa ni watu wa dini moja? Na nani kati yao alinieleza ukweli?

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Dada yangu, wote watatu walikueleza ukweli. Chachu inayokatazwa hutokana na ngano, shayiri na nafaka nyingine chache za jamii hiyo, na mchele haumo. Hata hivyo, katika karne ya 13 Wayahudi wa Ufaransa walikuwa tayari na desturi ya kujizuia na mchele na jamii ya kunde wakati wa Pasaka, kwa hofu, miongoni mwa sababu nyingine, kwamba punje za ngano huchanganyika nazo maguniani. Desturi hiyo ikaenea kwa Waashkenazi, yaani Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki, lakini wale wa Baghdad hawakuipokea; ndiyo maana mgeni wako alichambua mara tatu badala ya kuuacha mchele wenyewe. Yosef Karo, rabi aliyeishi Safed huko Galilaya, aliandika muhtasari wa sheria uliochapwa Venice mwaka 1565, akauruhusu mchele. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, Poland, akaongeza kwamba kwao hawauli. Hadi leo maneno ya wawili hao huchapwa katika ukurasa mmoja, ruhusa na katazo lake vikikaa ubavu kwa ubavu.

Mgeni wako wa tatu nadhani ni wa madhehebu ya Mageuzi, yaliyoanzia Ujerumani katika karne ya 19 na kushikilia kwamba sheria za ibada zinaweza kubadilika kulingana na zama. Kati yao na Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshikilia kwamba sheria hizo hazibadiliki, wapo Wamasorti, ambao wanazuoni wao wa Marekani walitoa mwaka 2015 uamuzi, sisi wa pwani tungeuita fatwa, wa kuwaruhusu hata Waashkenazi kula wali siku za Pasaka. Kuhusu rabi mwanamke, Regina Jonas alipewa cheo hicho Ujerumani mwaka 1935, na Sally Priesand akafuatia Marekani mwaka 1972. Waorthodoksi walio wengi hawakubaliani na jambo hilo, na hapo ndipo penye siri ya lile tabasamu.

Kijana wa Sinza

Shikamoo Mwalimu. Katika Matendo ya Mitume tunasoma kwamba Mafarisayo na Masadukayo walivutana kuhusu ufufuo. Mvutano huo uliishaje?

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Marahaba. Masadukayo walififia baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, na njia ya Mafarisayo ndiyo iliyozaa marabi. Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliuweka ufufuo miongoni mwa misingi 13 ya imani. Lakini aliyezaliwa na mama Myahudi huhesabiwa Myahudi hata asipoamini lolote kati ya hayo, na Wanamageuzi wa Marekani tangu mwaka 1983 humkubali pia yule ambaye baba yake pekee ni Myahudi, ilimradi amelelewa hivyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Myahudi mbele ya rabi mmoja na asiwe mbele ya mwingine, na ugomvi huo ni mzito kuliko wa wali.

Msafiri wa Mbale

Mwalimu amesema kweli, nami nimeuona mfano wake. Nimewahi kufanya biashara Mbale, Uganda, waliko Abayudaya, Waganda wenzetu ambao Semei Kakungulu aliwaongoza kuingia Uyahudi mwaka 1919 na ambao Idi Amin aliwapiga marufuku. Mwaka 2002 marabi, wengi wao Wamasorti, waliwathibitisha mamia kwa mamia, lakini Waorthodoksi hawauhesabu uthibitisho ule. Tazameni pia Beta Israel wa Ethiopia: kwa karne nyingi waliishika Torati kwa lugha ya Ge'ez bila kuijua Talmudi, yaani mkusanyo wa mafundisho ya marabi, na walichinja mwana-kondoo wa Pasaka, jambo ambalo marabi kwingineko walikwisha kuliacha tangu Hekalu lilipobomolewa.

Mama Mpangishaji, Upanga

Asanteni sana. Yule wa Poland ameandika kwamba atarudi, na ameahidi kuja na sufuria zake. Nikimnunulia samaki Feri nitakuwa nimekosea?

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Changu anafaa, kwa kuwa ana mapezi na magamba. Usimpare wala usimchune, ayaone magamba kwa macho yake. Pweza na kamba waache huko huko Feri.