Mwanangu hamwelewi bibi yangu. Mliolea watoto Oman kwa Kiswahili, mlifanyaje?

binti_wa_seeb

Assalamu alaykum jamaa zangu. Nipo Seeb, Maskati, na nimezaliwa hukuhuku. Kwetu tulisema Kiswahili tu, Kiarabu kilianzia nje ya mlango. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Wete. Alitoka Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, akapita Mombasa, akakaa Dubai na marehemu babu. Sultani Qaboos alipochukua nchi 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, nao wakaja. Miaka yote hii Kiarabu cha bibi ni cha sala na cha sokoni, basi.

Mume wangu ni wa Nizwa, bara ya Oman, na kwao hakuna aliyewahi kuvuka bahari kwenda Afrika. Mtu mwema, hana neno. Mwanangu ana miaka mitano, Kiarabu chake kizuri mashaallah, Kiingereza anakiokota kwenye katuni. Kiswahili anajua "njoo", "kula" na "lala". Nikimsemesha ananijibu kwa Kiarabu, nami jioni nimetoka kazini nimechoka, namfuata yeye.

Ijumaa tulikuwa kwa bibi. Kakaa kwenye mkeka wake, akamwambia, "Baba, niletee ndara zangu hapo mlangoni, nataka kwenda kutawadha." Mtoto akasimama, akamtazama bibi mdomo, kisha akanitazama mimi. Nikamfasiria. Akakimbia akazileta, akazipanga mbele ya miguu ya bibi, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Bibi akamshika kichwa akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili: awe mtoto wa kheri, asiwe mzigo kwa watu, riziki imfuate alipo. Mtoto hakupata hata neno moja. Dua ile ndiyo iliyonikata maini.

Mavyaa, mama wa mume wangu, hapendi nimfundishe. Anasema lugha zitamgongana kichwani, na akifika skuli watamwita Mzinjibari, yaani mtu wa Zanzibar. Hasemi kwa ubaya, anamhofia mjukuu wake. Lakini bibi ni mtu mzima sana, na huyu ndiye kitukuu wake wa kwanza.

Nawauliza mliofanya kweli: mliweka sheria gani nyumbani? Na mkwe mlimjibu nini?

mama_wa_mawaleh

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Wanangu watatu, wote wanasema, na baba yao si mtu wa Zanzibar. Sheria yangu ni moja: jikoni kwangu hakuna Kiarabu. Anayetaka kitu jikoni akiombe kwa Kiswahili. Na usimfundishe majina ya vitu kwanza, mfundishe vitendo: tia unga, kanda, sukuma, geuza, paka samli. Mkono ukifanya, ulimi unafuata. Ramadhani ndiyo nafasi yako, maana kila alasiri kuna nazi ya kukuna na sambusa za kukunja, na watoto wanataka wenyewe kuwa hapo.

Akikujibu kwa Kiarabu usigombe. Lirudie neno lake kwa Kiswahili, uendelee na maneno yako kama hakuna kilichotokea. Yule wangu wa mwisho alishikilia Kiarabu muda mrefu kweli, kisha siku moja akageuka mwenyewe, akataka maandazi.

Mavyaa wangu alisema hayohayo ya kugongana. Alinyamaza mwanangu alipomsomea Suratul Mulk yote bila kukosea. Aliona Kiarabu cha mtoto hakijapungua kitu.

mzee_wa_ibra

Binti yangu, mimi ni katika waliorudi miaka ya sabini. Usimwone mkweo mkaidi, nikueleze alipotoka.

Mwaka 1970 nchi hii nzima ilikuwa na skuli tatu, wanafunzi kama mia tisa, wavulana watupu. Sisi tulikuja tumesoma Zanzibar, Mombasa, wengine Cairo, na Kiingereza tunacho. Tukaingia wizarani, hospitali, kwenye mafuta. Dada zetu wakawa waalimu na wauguzi. Na maofisini tukawa tunasemezana Kiswahili, mwenye shida yake amesimama mbele yetu hajui tunasema nini juu yake. Watu wa bara huku waliumia, na hawakukosea kuumia. Mavyaa wako huenda ni mtoto wa mmoja wao. Kwa hiyo usiseme Kiswahili na mwanao mbele yake bila kumwambia mlichosema. Hilo tu litamlainisha kuliko hoja zote.

Jambo la pili ulihifadhi umwambie mumeo. Tulipofika tuliulizwa kabila na kijiji, na sheikh wa kabila ndiye wa kushuhudia. Baba yangu alizaliwa Unguja, Oman alikuwa hajawahi kuiona hata siku moja. Lakini alijua jina la falaji, mfereji wa maji, inayonyweshea mitende ya kwao, na alijua zamu ya maji ya babu yake ilikuwa ya usiku. Sheikh akacheka, akatia sahihi. Habari zote zile baba alisimuliwa na mama yake kwa Kiswahili, kibarazani, Malindi ya Unguja.

kijana_wa_ngambo

Naandika kutoka Unguja. Shikamoo mzee wangu, umesema kweli, ila kuna moja watu hulikwepa, nami nalisema kwa heshima. Hofu ya mtoto kuitwa jina lile ina mzizi mwingine pia. Soko la watumwa hapa kwetu lilifungwa 1873, utumwa ukaondolewa kisheria 1897, na huko Oman ni mpaka 1970. Batinah na Sur wapo watu ambao babu zao walivushwa bahari kwa nguvu. Anayeogopa mwanawe aitwe Mzinjibari, mara nyingi anaogopa asije akahesabiwa pamoja na hao. Kiswahili ni cha wenye mashamba ya karafuu na ni cha waliozichuma. Dada, mwanao akikua mpe habari zote mbili, asije akaipenda lugha akawadharau wenyewe.

binti_wa_seeb

Allah awalipe kheri. Mzee, hilo la ofisini nimemuuliza mume wangu usiku huuhuu, akaniambia shangazi yake lilimpata hospitalini. Sikuwahi kulisikia. Na kijana wa Ng'ambo, sikukasirika, nimekusoma mara mbili.

Nimepata shauri. Kila kharifu, msimu wa manyunyu, bibi huomba apelekwe Salalah, kusini huko. Manyunyu yale, migomba, madafu yanayouzwa kando ya barabara, anasema ni Pemba tupu. Mwaka huu nataka nimchukue pamoja na mavyaa, gari moja. Ni kama kilomita elfu, tutalala Haima, njiani. Nimkalishe mtoto katikati yao? Na mimi nifasiri kila neno, au niwaache?

mama_wa_mawaleh

Mkalishe katikati. Mavyaa mfasirie yote kama mzee alivyosema, mtoto usimfasirie yote. Mwambie bibi aanze na vitendawili, si hadithi, kwa miaka mitano hadithi ndefu atalala. Viwe vya vitu atakavyoviona dirishani, ngamia, jua, barabara. "Nyumba yangu haina mlango" aanze nacho hicho, na wewe uchukue mayai ya kuchemsha kwenye kikapu, bibi amwoneshe jibu mkononi. Mavyaa naye mwombeni atege vyake vya Nizwa.