Msaada wakuu: LCD ya mashine ya vifaranga inaandika madudu kila kontakta ikikata

KukuKwanza:
Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wanaojua elektroniki maana hapa nimekwama. Nina mashine ya kutotolesha ya mayai kama mia tano, kontrola nimeunda mwenyewe, Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), sensa DHT22 ya joto na unyevu, LCD (kioo cha maandishi) ya 16x2 ya waya nyingi (sio ile ya I2C ya waya chache), moduli ya rilei (swichi ndogo ya umeme) ile ya bluu, rilei inawasha kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili) ya koili ya 220V halafu kontakta ndo inawasha hita. Mezani bila hita inapiga kazi safi kabisa. Sasa nikishaunga kila kitu, joto likifika 37.5 hita ikikata tu LCD inajaa madudu, herufi za ajabu ajabu na maboksi, mpaka nizime na kuwasha ndo inarudi. Saa nyingine joto linaruka, 37 halafu ghafla 51 halafu 37 tena. Na sio kila mara, unaweza ukakaa saa nzima hamna kitu ukajua imepona, kumbe wapi. Nimebadili LCD, nimebadili Arduino, nimebadili pawa saplai, yale yale. Mayai yanaingia wiki ijayo wakuu, natanguliza shukrani.

Mpambanaji_wa_Kusini:
Achana na hayo ma Arduino mkuu, nunua kontrola ya dukani yaishe. Ukichezea mayai ya watu utalia.

KukuKwanza:
@Mpambanaji_wa_Kusini ya dukani ninayo pembeni mkuu kama spea, ila hii nataka iniendeshee na unyevu na kugeuza mayai kwa namna yangu.

SaketiFupi:
Hiyo ni kelele ya umeme kutoka kwenye koili. Chukua daiodi 1N4007 funga kwenye koili ya kontakta kinyumenyume, kwisha habari.

DadaUmeme:
@SaketiFupi kaka hapana, USIMWAMBIE MTU HIVYO. Daiodi ni ya koili ya DC. Yake ni ya AC 220V, ukiweka daiodi pale nusu ya kila mzunguko ni shoti, itapasuka na rilei itaondoka nayo.

Ila kuhusu kelele uko sahihi. @KukuKwanza umeandika kitu kizuri sana, kwamba shida inakuja hita IKIKATA. Koili ya kontakta ina nishati ndani, ukiikata ghafla inarusha volti kubwa kinyume, mle ndani ya rilei ndogo kontakti (vyuma vinavyogusana na kuachana) zinapiga cheche, na cheche ni transmita ya redio kabisa, hata Hertz alipothibitisha mawimbi ya redio miaka ya 1880 alitumia cheche. Kwahiyo ndani ya boksi lako una kituo cha redio na LCD iko hapo hapo.

Usinunue kitu bado. Kwanza tujue kelele inapita wapi, kwenye pawa saplai, kwenye waya, au hewani, maana kila njia ina dawa yake na watu wengi wanamaliza hela kwa kubahatisha. Weka baza ilie mara moja mwanzoni kabisa mwa programu, LCD ikiharibika sikiliza, ikilia maana yake Arduino imejizima na kuwaka, isipolia ni LCD peke yake imechanganyikiwa. Halafu zima meni (umeme wa ukutani), chomoa waya mmoja wa koili ya kontakta, washa tena, acha rilei ipige yenyewe bila mzigo. Halafu rudisha waya, Arduino iendeshe kwa pawabenki badala ya saplai. Mwisho tafuta redio ndogo ya AM, iweke sehemu isiyo na stesheni, isogeze pole pole karibu na boksi wakati rilei inapiga. Njoo na majibu.

Fundi_Chenji:
Hiyo ya redio ya AM ni kiboko, mimi osiloskopu (kile kipimo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) sina ila na redio nimekamata adapta za taa mbovu kibao. Inayopiga mara moja "tra!" ni swichi au rilei, inayounguruma bila kuacha ni chaja au adapta ya LED.

KukuKwanza:
Nimerudi wakuu. Baza hailii, kwahiyo Arduino haizimi. Nikichomoa koili, rilei imepiga tik tik jioni nzima LCD safi kama mpya. Pawabenki haijasaidia kitu, madudu yale yale. Redio sasa ndo imenishangaza, kwenye rilei inapiga TRA kubwa, hiyo nilitegemea, lakini nikiifuata ile waya ya sensa inapiga vile vile mpaka mwisho wake kule kwenye trei, na hiyo waya imefungwa pamoja na waya za hita kwa zile klipu za plastiki.

DadaUmeme:
Safi sana, hapo kazi imekwisha nusu. Saplai sio njia kuu. Kelele inazaliwa kwenye koili na cheche, inarukia waya zilizolala pamoja.

LCD yako inapokea kila herufi kwa vipande viwili vya biti nne. Waya wa Enable, ule unaoiambia LCD ipokee kipande, ukipigwa na kelele, LCD inahesabu kipande ambacho hakikutumwa, kuanzia hapo inaunganisha nusu ya herufi hii na nusu ya ile, na yenyewe haijui kama imepotea. Ndo maana Arduino iko salama ila madudu hayaondoki mpaka uzime.

Dawa unaanzia kwenye chanzo. Rizista ya ohm 100 nusu wati, na kapasita ya 0.1 µF aina ya X2, moja nyuma ya nyingine, halafu hiyo seti funga sambamba na koili ya kontakta, pale pale kwenye skrubu zake. X2 ni lazima, imeandikwa 275V~, usiweke kapasita yoyote uliyookota maana hii inakaa kwenye meni. Ipo kwenye pawa saplai mbovu za kompyuta, kile kiboksi cha njano mara nyingi karibu na waya wa umeme unapoingia. Ukifungua saplai hiyo, makapasita makubwa yanaweza kuwa na volti mia tatu hata imechomolewa, yamalize chaji kwanza.

Halafu toa waya ya sensa kwenye klipu za hita, ikae mbali angalau shubiri, kama ni lazima zikutane zikatane msalaba zisilale pamoja. Waya wa data usokote na wa graundi. Waya za LCD zifupishe, na kapasita ya 100 nF kwenye miguu yake ya 5V na graundi.

SaketiFupi:
Nimekusoma dada, hiyo ya AC imenipita. Vipi akifunga kila kitu kwenye boksi la chuma?

DadaUmeme:
Boksi ni zuri ila waya ya sensa ikiingia na kelele yake mgongoni, hicho ni chandarua kilichotoboka.

Fundi_Chenji:
Weka na ferraiti, lile donge jeusi kwenye waya za monita za zamani. Pitisha waya ya sensa mara tatu sio mara moja, nguvu inapanda kwa kipeo cha pili, tatu inakupa karibu mara tisa.

PampuBoy:
Samahani nadandia uzi. Mimi nina pampu, niliweka hiyo X2 na rizista kwenye kontakti za rilei badala ya koili, kelele imeisha ila taa ya LED ya kuonyesha pampu imewaka inabaki inawaka hafifu hata ikiwa imezimwa.

DadaUmeme:
@PampuBoy kwenye kontakti inapitisha umeme kidogo muda wote, 0.1 µF kwa 230V na 50Hz ni kama miliampea 7, kwa LED ni nyingi. Na pampu ikionekana imezimwa waya wake bado una umeme, angalia usije ukaushika. Hamishia kwenye koili.

KukuKwanza:
Mrejesho: X2 nimetoa kwenye saplai ya zamani, rizista Kariakoo. Madudu yameisha kabisa aisee. Joto bado linaruka mara moja moja, sio 51 tena, 40 hivi.

DadaUmeme:
Waya ya sensa ina urefu gani? Ikiwa zaidi ya mita moja ongeza rizista ya 4.7k kati ya data na 5V. Na kwenye programu, DHT22 inasoma kila sekunde mbili, boksi la mayai haliwezi kupanda digrii tatu kwa sekunde mbili, kwahiyo namba ikiruka zaidi ya moja itupe usome tena, ila ikiruka mara tano mfululizo zima hita upige baza, hapo sensa imekufa.

KukuKwanza:
Mita mbili na kidogo. Naenda kuweka 4.7k sasa hivi.