Mjadala: Meli ipewe daraja kwa mzigo iliobeba, au kwa mzigo inaoweza kubeba?

Mwanzisha mada, karani wa tali (wa kuhesabu shehena), bandari ya Kilindini, Mombasa

Salaam ndugu zangu. Jumapili jioni nilikuwa ufukweni Mama Ngina na watoto, ikapita meli ya ngano iliyokwisha kushusha. Ile rangi nyekundu ya tumbo, ambayo ikiingia huioni, ilikuwa juu ya maji toka omo mpaka tezi. Kijana wangu akauliza, "Baba, imebeba nini?" Imebeba maji ya bahari ndani ya matangi ili isiyumbe, basi. Inakwenda kutafuta mzigo bandari nyingine.

Safari hiyo tupu inaipandisha alama. Tangu 1 Januari 2023, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa baharini, ina utaratibu wa kuzipa meli kubwa daraja la A mpaka E kila mwaka. Huchukuliwa hewa ya ukaa iliyotoka, ikagawanywa kwa uwezo wa meli kubeba mara maili ilizokwenda. Uwezo, si mzigo. Tuseme meli ya tani 50,000 imekwenda maili 1,000: ijae, iwe tupu, kigawanyo ni kile kile. Na kwa kuwa ikiwa tupu hula mafuta machache, inaonekana safi zaidi. Ikitia nanga nje wiki nzima kungoja gati, jenereta zinaunguza mafuta, maili hakuna, daraja linashuka.

Ni sawa na kumpima hamali kwa ukubwa wa mkokoteni wake. Mimi nasema ipimwe tani iliyofika. Mwasemaje?

Ajenti wa meli, Moi Avenue

Kaka, machungu yako nayaelewa, ila umemsahau mwenye meli. Akishaikodisha kwa siku, aliyeikodi ndiye anayeamua ibebe nini na iende wapi. Utamshushia daraja mwenye chombo kwa sababu Mombasa haina shehena ya kurudi nayo? Sisi hapa tunaingiza ngano, klinka ya kutengenezea saruji, mafuta na magari. Tunachotoa, chai na kahawa na parachichi, hakijazi hata nusu ya nafasi iliyoletwa. Kontena nyingi zinarudi tupu, na meli inahesabiwa kama imejaa.

Halafu mzigo ni siri ya biashara. Mwenye meli ana kipimo chake cha siku zote, pato la siku. Tuseme nauli ni dola 1,000,000. Toa mafuta, ada za bandari na za mfereji wa kupita meli, dola 400,000. Zilizobaki ukizigawa kwa siku 30, pamoja na siku za kurudi tupu, ni dola 20,000 kwa siku. Ongeza siku 10 za nanga, zinakuwa 15,000. Hakuna kipimo kikali kama hicho.

Mama wa nafaka, Kongowea

Lakini ajenti, hizo siku 10 hazimuumizi yeye peke yake. Ukipita muda wa kushusha uliokubaliwa, mwenye mzigo hulipa demereji, fidia ya kuichelewesha meli, nayo huingia kwenye bei ya gunia. Wateja wangu ndio wanaoilipa. Mnapopima meli, pimeni na kungoja, mtuambie kungoja huko kumesababishwa na nani.

Injinia wa meli mstaafu, Likoni

Mama amesema kweli. Nimekaa chini kwenye injini miaka mingi. Nguvu inayohitajika hufuata kipeo cha tatu cha mwendo: punguza mwendo asilimia 10 tu, nguvu inashuka karibu asilimia 27. Na bado tulikuwa tunaamriwa tukimbie, kwa kuwa mikataba inataka ufike upesi na anayetangulia ndiye anayetangulia kushusha. Tunafika, tunatupa nanga, tunaitazama Mombasa siku nne. Mafuta tuliyounguza kuwahi hiyo nanga yaliniuma mimi kuliko mkubwa yeyote wa ofisini.

Mwanzisha mada

Ajenti, kuhusu aliyeikodi nakubali: daraja lisomwe kwa majina yote mawili, lake na la mwenye meli. Siku za nanga nazo ziandikwe peke yake, kama anavyotaka mama.

La siri silikubali. Meli ya shehena ya kumwaga ikifunga gatini, mkaguzi hushuka kwenye boti na kusoma alama za kina, mbele, katikati na nyuma, pande zote mbili. Mawimbi yakipanda na kushuka husubiri, akasoma tena. Anateka maji kwa kichupa apime uzito wake, kisha anatoa mafuta, maji ya kunywa na maji ya matangini. Baada ya kushusha anarudia yote, na tofauti ndiyo tani zilizoshuka. Kazi hiyo inafanyika hapa mchana kweupe, na karatasi inatiwa saini. IMO iombe karatasi hiyo.

Anayepinga, aniambie ni nani hasa atakayeumia ikitolewa.